Kidudu cha Nani?

Bustan, Maskati
12 Januari 2025

Kwa Safwan, mtoro,

Salamu zangu zisikupate vizuri. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mtu anayeondoka Maskati bila kumuaga rafiki yake wa miaka hamsini na mbili, akazima simu na kwenda kujificha Tabora kwa dada yake, hastahili salamu tamu. Siku atakayostahili nitamwandikia nyingine.

Barua hii anakuletea Musallam wa asali, anayekuja huko kununua madebe yake. Nimemwambia asiondoke mpaka uifungue mbele yake. Basi turudi kwenye wino, kama zamani wewe ulipokuwa bado Tabora na mimi nimetangulia huku kutafuta kazi ya serikali.

Najua kilichokuondoa. Taimur amekiri. Mwanangu wa kumzaa alisimama mlangoni kwangu akakwambia: "Ami Safwan, maradhi haya baba kayapata kwako. Nani mwengine alokuwa akikohoa humu?" Nimemkaripia mpaka kifua kikanibana, na mama yake, Balqis, akanifuata na glasi ya maji akisema nitajiua kwa ajili ya adabu ya mtu mwenye miaka arubaini.

Hali yangu ni hii. Nameza vidonge vinne kila asubuhi, na mkojo una rangi ile unayoijua mwenyewe, maana ulinicheka nao mwaka jana ulipokuwa ukivimeza wewe. Wiki sita sasa, na homa ya jioni bado haijaondoka. Nimepungua mpaka kanzu zinaning'inia. Reem, binti wa dada yangu, yule wa maabara, amechukua makohozi yangu na anayaotesha kama mchicha. Anasema TB si mdudu mmoja bali ukoo mzima, na anataka kujua wangu ni yupi katika ukoo huo. Mimi nimemwambia awe yeyote, mradi afe.

Sikulaumu, Safwan. Narudia kwa maandishi, kwa kuwa wewe huamini maandishi tu: sikulaumu. Rudi.

Thani


Isevya, Tabora
2 Februari 2025

Ndugu yangu Thani,

Musallam alinisimamia kama askari wa mahakama mpaka nikaifungua bahasha. Nimeisoma. Umenichekesha, na nilikuwa sijacheka tangu nifike.

Lakini usimkaripie Taimur, hakusema uongo. Nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na nne, na ushahidi naujua nikiuona. Nilikohoa miezi mitatu kabla sijakwenda hospitali. Miezi yote hiyo, kila siku baada ya alasiri, nilikuwa majlisi kwako, nimekaa mkabala wako, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Wewe unanimenyea machungwa na kuniambia ni vumbi tu la Maskati, nilambe asali. Nilikuamini kwa kuwa nilitaka kukuamini. Nilipopona mimi, ukaanza wewe. Hakimu gani angehitaji zaidi ya hapo?

Ndiyo, nilimaliza vidonge vyangu vyote, miezi sita bila kuruka hata siku moja, na daktari akaniambia simwambukizi mtu. Akili imelipokea neno hilo. Moyo umekataa. Hapa nimeomba chumba cha uani. Nina sahani yangu na kikombe changu, nakula peke yangu, na msikitini nasali safu ya nyuma karibu na mlango. Sayyida, binti wa dada yangu, amejifungua mtoto wa kike. Kila akimleta nimpakate nasema mikono yangu michafu. Ameanza kuniangalia kwa huzuni, na mimi najifanya sioni.

Tangu marehemu mke wangu aondoke, wewe ndiye mtu niliyebaki naye Maskati, na wewe ndiye niliyemtia ugonjwa. Sirudi. Funguo za nyumba niliyopanga Sidab nilimwachia Balqis. Mwambie mwisho wa Mei awarudishie wenye nyumba. Afadhali nikukose ukiwa hai.

Nakuombea kila sala.

Safwan


Maskati
23 Februari 2025

Ami Safwan, shikamoo,

Ni mimi Reem. Barua hii inakuja Dar na Hadeel, rafiki yangu, na yeye ataipandisha basi la Tabora. Mjomba Thani amenisomea uliyomwandikia na ameniruhusu nikueleze habari za ugonjwa wake, kwa hiyo sivunji siri ya mtu.

Ami, kipimo cha haraka cha hospitali hujibu swali moja tu: huyu ni wa ukoo wa TB, au siye? Kwa mjomba kilijibu ndiye. Lakini ukoo huo una ndugu wanaofanana kama mapacha. Yuko wa binadamu, naye ndiye anayewapata watu wengi. Wako wa ng'ombe, wa mbuzi, na jamaa zao wengine. Kwenye hadubini huwatenganishi. Tunawatenganisha kwa vinasaba, yaani yale maandishi ya asili ambayo kila kiumbe huyabeba ndani yake. Ndugu mmoja ana kurasa ambazo mwenzake hana. Wewe umeishi na mafaili, utanielewa nikisema kwamba majalada mawili ya rangi moja si lazima yawe kesi moja.

Kidudu cha mjomba kina tabia moja iliyonifanya nisimame. Kati ya dawa nne anazomeza, moja haikifanyi kitu. Chako mwaka jana kilishindwa na zote nne. Hiyo si hukumu, kwa sababu vidudu navyo hubadilika, na sipendi kusema neno kisha nikalirudisha. Nataka kuviweka pamoja, chako na chake, nivisome ukurasa kwa ukurasa. Chako bado tunacho kwenye friza, lakini bila idhini yako sikigusi. Fomu nimeiambatanisha. Una haki ya kukataa, na ukikataa sitakuuliza kwa nini.

Mjomba hajui kwamba naandika mstari huu wa mwisho: kila alasiri anakaa majlisi peke yake, na mahali pako hapakai mtu.

Mwanao,
Reem


Isevya, Tabora
6 Machi 2025

Binti yangu Reem,

Marahaba. Fomu hiyo hapo, nimetia sahihi mahali pote palipotakiwa na mahali pamoja pasipotakiwa.

Nina sharti moja. Jibu likiwa ni mimi, uniambie ni mimi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa sababu mimi ni mzee na niko mbali. Nimekaa mahakamani nikaona watu wakihukumiwa, na nakuhakikishia kwamba anayeteseka zaidi ni yule ambaye kesi yake inaahirishwa.

Mwenyezi Mungu azipokee funga zenu.

Ami yako,
Safwan


Bustan, Maskati
8 Aprili 2025

Mtoro, funga sanduku!

Jibu limetoka. Si wewe! Wallahi si wewe. Reem ameviweka vidudu viwili pamoja na wala havijapata kukaa nyumba moja. Chako ni cha binadamu. Changu ni cha upande wa ng'ombe. Daktari amebadilisha dawa, ile isiyofaa kaitoa akaweka nyingine, na siku ya tisa homa ikaondoka. Sikukuu ya Idi nimekula shuwa, ile nyama ya kufukiwa shimoni, mpaka Balqis akaninyang'anya sahani.

Sasa utauliza kidudu cha ng'ombe kimenifikaje mimi mtu wa mjini. Maziwa! Mwaka jana shemeji yangu Msellem alinikaribisha shambani kwake Barka. Akanikamulia mbele yangu mbuzi anayelala zizi moja na ng'ombe, nami nikanywa bakuli zima, maziwa mabichi, povu bado liko juu. Basi hapo ndipo nilipojitakia. Hakuna wa kulaumiwa ila mbuzi wa Msellem na ulafi wangu.

Taimur anaona haya kukuandikia. Mimi nimemwambia haya zake asubiri kukupa uwanja wa ndege. Njoo upesi, machungwa yamekaribia kwisha sokoni.

Thani

Ami, nathibitisha kwa mkono wangu: kidudu cha mjomba hakikutoka kwako. Hilo nina hakika nalo na nimelitia sahihi kazini. Zaidi ya hapo si langu kusema. — Reem


Isevya, Tabora
19 Aprili 2025

Thani,

Siku ya kwanza tuliyojuana, mwaka 1972, ulipewa kikombe cha maziwa ukayatapikia viatu vyangu, na havikuwa na wenzao. Tangu siku hiyo sijakuona ukinywa maziwa. Chai unakunywa ya rangi. Harusini kwa Taimur ulipelekewa bakuli la maziwa ya laban ukalipitisha kwa jirani bila kulitazama. Ukisikia harufu ya siagi unahama kiti. Leo unaniambia umekunywa bakuli zima la maziwa ya mbuzi, mabichi, na povu?

Niangalie nilivyo mbele ya ushahidi huu. Shahidi wa kwanza anasema uongo. Shahidi wa pili, binti ninayemwamini, anasema "zaidi ya hapo si langu kusema." Hata karani aliyesinzia angeandika pembeni kwamba kuna jambo linafichwa. Mnanificha nini, kama si kwamba ni mimi? Mmeketi mkaona mzee wa watu anadhoofika Tabora, mkatafuta mbuzi wa kumtwisha.

Tena huu si uongo wako wa kwanza. Mwaka jana, Jumatano sita mfululizo, ulisema unapeleka gari gereji Wadi Kabir. Nikataka kukusindikiza, ukanikatalia. Baadaye nikakutana na fundi wako, Khalil, akaniuliza mbona Mzee Thani siku hizi haonekani. Nikajua umeoa. Nikakusitiri, sikumwambia mtu wala sikukuuliza, kwa sababu mambo hayo ni ya mtu na nyumba yake.

Lakini hili nakuuliza. Kidudu hakishuki na mvua. Kama si changu, ni cha nani? Ukiwa huna jibu la kweli, usinijibu kabisa, na Balqis arudishe funguo kama nilivyosema.

Safwan


Bustan, Maskati
29 Aprili 2025

Safwan,

Sikuoa.

Mwaka jana mwezi wa Machi niliona damu kwenye mkojo. Nikakaa kimya wiki mbili, kisha nikaenda hospitali ya binafsi upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua baba yangu wala anayenijua mimi. Wakanikuta na saratani ya kibofu. Changa, wakasema, alhamdulillahi, wakaikwangua. Balqis nilimwambia nakwenda Nizwa kwenye arusi ya mtu wa ofisini zamani. Kisha daktari akasema ili isirudi nitatiwa dawa kibofuni kila Jumatano kwa wiki sita. Ndiyo Jumatano zako hizo.

Dawa yenyewe ndiyo kisa. Ni chanjo, Safwan. Ile ile ya TB anayochomwa mtoto mchanga begani, ikabaki alama. Ni vidudu hai. Zamani vilikuwa vya ng'ombe, wataalamu wakavifuga miaka mingi mpaka vikapoteza ukali wao. Vikitiwa kibofuni, askari wa mwili huamka kuvipiga, na humo humo wanaipiga saratani. Karibu kila mtu huishia hapo salama. Kwangu mimi vichache vilitoroka, vikapanda kwenye damu, vikaenda kukaa mapafuni. Katika vinasaba vya kidudu changu kuna ukurasa mmoja uliokosekana, na Reem anasema kukosekana kwake pamoja na dalili nyingine za kidudu hicho hakumwachii shaka: ni kidudu cha chanjo. Alipouona ule upungufu alijua. Hakuniambia neno. Alimpelekea daktari jibu lake kama kazi inavyotaka, na daktari akaniita, akafunga mlango na kuniuliza upya.

Upya, kwa sababu mara ya kwanza niliwadanganya. Desemba, pale hospitali ya kifua, waliniuliza: "Mzee, umepata tiba nyingine yoyote mwaka huu?" Taimur alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema la. Ningesema ndiyo, wangejua mapema. Neno hilo moja ndilo lililokufukuza Maskati. Si Taimur. Ni mimi, na nililijua siku ile daktari alipofunga mlango, na bado nikakaa kukuandikia habari za mbuzi. Alitaja asili ya ng'ombe, nami nikadandia hapo hapo. Mbuzi wa Msellem hawana hatia yoyote.

Utaniuliza kwa nini. Naona haya hata kuandika. Nililazwa chali, nikatiwa mpira wa mkojo na muuguzi mwenye umri wa mjukuu wangu, nikaambiwa nizuie saa mbili. Nikirudi nyumbani namwaga klorini chooni kama walivyonielekeza, na Balqis anastaajabu nimekuwa msafi lini. Halafu neno lenyewe, saratani. Watu wakilisikia huanza kukuombea kwa sauti ya matanga na wewe bado unakula. Nilitaka mtu mmoja tu duniani aendelee kunitukana kama kawaida. Huyo ni wewe, na ndiye niliyempoteza kwa kuficha.

Barua hii nimemsomea Balqis kabla ya kuifunga. Nilipofika mwisho alininyang'anya karatasi. Kisha akasema: "Mwaka mzima nnamtafuta huyo mwanamke wa Wadi Kabir kwa macho, kumbe saratani! Weye Thani, bora ungelioa, ningelikupiga yakesha." Halafu akalia, na mimi nikalia naye, na Taimur akatukuta hivyo ikabidi asomewe yeye pia. Ameomba mstari wake hapa chini.

Dawa nitazimeza miezi mingine, lakini nimeshapata nguvu na simwambukizi mtu. Tarehe 20 Mei watanitazama tena kibofuni kwa kamera waone kama saratani imerudi. Naogopa, Safwan. Nimemaliza kuficha, basi na hilo lijue.

Mzee mzima nimeugua chanjo ya watoto. Cheka, nakuruhusu.

Thani

Ami Safwan, nilisema kwa hofu, na nilisema mbele ya watu. Mbele ya watu hao hao nitakuomba radhi. Nisamehe. — Taimur


Isevya, Tabora
9 Mei 2025

Thani,

Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nikacheka, kwa kuwa umeniruhusu. Ya pili nikakasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa. Miezi mitano nimekula peke yangu kama mtu mwenye ukoma. Miezi mitano najiona sumu inayotembea, na jibu ulikuwa nalo mfukoni, umelifunika kwa haya ya mkojo! Mimi nilimwosha baba yako alipokufa. Haya gani imebaki baina yangu na watu wa nyumba yako?

Ya tatu nikalia. Nilikuona umelala chali katika chumba cha watu baki, peke yako, mara sita, na mimi niko majlisi kwako nakungojea urudi gereji, nimekasirika kwa sababu unachelewesha kahawa.

Nikatoka chumba cha uani. Sayyida alikuwa jikoni. Nikamwambia, "Nipe mtoto." Alinipa, kisha akageuka upande wa sufuria ili nisimwone uso. Mtoto ana miezi mitano na ni mzito kuliko nilivyodhani. Begani ana ile alama ya chanjo, ndogo kama punje ya ulezi. Nikaiangalia sana. Jioni hiyo nilikula nao wote sinia moja, na dada yangu akanitilia nyama kama mgeni.

Mwambie Taimur nimemsamehe, ila ahadi yake ya mbele ya watu aitimize, na awaite wengi. Mwambie Reem kwamba alijua kunyamaza mahali pa kunyamaza, na kwamba mahakama yetu ingempata yeye, kesi nyingi zingekwenda vingine. Balqis mwambie nyumba ya Sidab aifungue madirisha. Wewe bado sijakusamehe. Jambo hilo nataka kulifanya uso kwa uso, nikuone unavyohangaika.

Natua Maskati Jumamosi tarehe 17. Tarehe 20 nitakuendesha mwenyewe hadi hospitali. Wakikuuliza swali, utajibu kweli, na mimi nitakuwa nasikiliza. Wakisema wasioumwa wabaki nje, nitabaki nje, lakini ujue nipo. Sikwambii usiogope, maana hata mimi naogopa. Ogopa utakavyo, ila mara hii hutaogopa peke yako.

Safwan